Mto wetu unaingia shimoni na kisima kimeingia chumvi: maji yanakwenda wapi?

Suali la msomaji:

"Nyuma ya shamba letu la mpunga, Unguja, wilaya ya Kati, kuna mto mdogo unaoshuka kutoka upande wa vilimani. Unapita bondeni, unavuka barabara chini ya kalvati, ukifika kwenye mawe unaingia ndani ya shimo na hauonekani tena. Miaka ya karibuni, masika yakikolea shimo halimezi. Maji yanarudi nyuma, mpunga unaoza na nyumba za chini zinaingia maji. Baadhi yetu wanataka tulizibe kwa kifusi ili mto utafute njia nyengine, baadhi wanataka tulipanue kwa baruti. Wazee wanasema maji haya yanakwenda chini kwa chini mpaka bara. Mwanangu amefundishwa skuli kwamba kila mto una chanzo na mdomo, ananiuliza mdomo wa mto wetu uko wapi, nami sina la kumwambia. Na la mwisho, kisima cha mama mkwe wangu, huko pwani ya mashariki, kimeingia chumvi tangu jirani alipochimba kisima cha mashine. Fundi anatwambia tuchimbe zaidi, chini kabisa kuna maji matamu. Tumeanza kuchanga pesa. Tufanye nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, hizo pesa mnazochanga za kuchimba zaidi zishikeni kwanza. Sababu nitaieleza mbele, ila sitaki ufike huko wakati fundi ameshapokea malipo ya mwanzo.

Umeuliza juu ya shimo, mafuriko, mtoto na kisima, na umeyaandika kama mambo mbalimbali. Mimi nayaona ni mambo ya njia moja, njia ya maji ya mvua kutoka vilimani mpaka baharini, na sehemu kubwa ya njia hiyo Unguja iko chini ya miguu yetu. Kwa hivyo tuifuate tangu juu.

Kisiwa chetu si cha milima. Mgongo wa Masingini, ambao ni miongoni mwa sehemu za juu kabisa Unguja, haufiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo mgongo ule na vilima vinavyoendelea kaskazini yake vinatosha kuyagawa maji. Mvua inayoangukia upande wa magharibi inateremka kuelekea mji na mkondo ulio baina yetu na bara. Humo ndimo zilimo chemchemi za Bububu, zile ambazo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alizitegemea alipowaletea watu wa mjini maji ya bomba. Msitu wa Masingini umehifadhiwa mpaka leo kwa ajili hiyo hiyo ya kulinda vyanzo vya maji ya mji. Mvua inayoangukia upande wa pili inaingia mabonde ya kati, ukiwemo Mwera, mto wetu mkubwa kuliko yote, na vijito kama huo wenu.

Tunapozungumzia bonde la mto hatuhesabu lile eneo la majimaji mnalolima mpunga peke yake. Tunahesabu ardhi yote ambayo maji yake hatimaye hufika kwenye mto huo: vilima, mikarafuu, njia za miguu, mapaa ya nyumba, viwanja vya skuli. Simama kalvatini na utazame juu, kila unachokiona mpaka kwenye mgongo wa kilima kinachangia kinachopita chini ya miguu yako. Hili nalitilia mkazo kwa sababu mtu wa shamba la juu akikata miti au akichimba mchanga, tope lake linakuja kukaa mdomoni mwa shimo lenu, wala yeye hajui.

Sasa tuwageukie wazee. Sipendi kuona maneno ya wazee yakitupwa bila kutazamwa, na humu mna ukweli wa kale. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi. Wakati wa zama za barafu, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, bahari ilishuka mita 120 hivi chini ya ilivyo leo na Unguja ilikuwa kipande cha bara, mtu angeweza kutembea mpaka ng'ambo. Pemba ni habari nyengine kabisa. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita na hata wakati ule haukukauka. Lakini leo maji ya kijito chenu hayavuki kwenda bara, na maji ya chemchemi zetu hayatoki bara wala Kilimanjaro, kama wengine wanavyoamini. Maji ya ardhini huenda kule yanakosukumwa na uzito wao, kutoka penye kimo kikubwa kwenda penye kimo kidogo. Chini ya kisiwa, kimo hicho kinazidi usawa wa bahari kwa mita chache tu, hasa ukikaribia pwani. Msukumo huo unatosha kuyafikisha ufukweni. Hautoshi kuyavusha chini ya bahari nzima.

Tena hatuhitaji maji ya kuazima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Unguja hupata kwa wastani milimita 1,600 hivi kwa mwaka, na Pemba zaidi kidogo, kama 1,900. Bonde dogo la kilomita moja tu ya mraba, kwa hesabu hiyo, linapokea lita bilioni 1.6 kila mwaka. Nyingi zinarudi hewani kwa jua na kwa majani ya miti, lakini kinachobaki kinatosha kabisa kulisha kijito na chemchemi ambayo haikauki hata kaskazi.

Kwa nini basi mto uingie shimoni? Kwa sababu umetoka kwenye ardhi ya aina moja ukaingia kwenye ardhi ya aina nyengine. Vilima vya magharibi na kati vina udongo mzito, mchanga na matabaka ya kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, na kinamo hakipitishi maji kwa wepesi. Maji yanakaa juu, yanatafuta mteremko, unapata mto. Upande wa mashariki na kusini kisiwa kimekaa juu ya matumbawe ya kale, yaliyojengwa wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Ndiyo hayo tunayoyaita maweni, na ardhi yake uwanda. Nenda Paje, Jambiani au Makunduchi, utakuta visima na mapango yenye maji. Mto hutauona.

Jiwe la matumbawe ni chokaa, na chokaa inayeyuka. Inayeyuka polepole mno kwa macho ya mwanadamu, lakini inayeyuka. Mvua ikipita hewani, na zaidi ikipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, inachukua gesi ya kaboni dayoksaidi na kugeuka tindikali hafifu. Ikiingia kwenye ufa wa jiwe inalilamba. Ufa unakuwa mfereji, na mfereji baada ya maelfu ya miaka unakuwa pango. Pango la Mangapwani, ambalo ndani yake mna maji baridi, ni kazi ya maji ya aina hiyo. Shimo lenu liko pale pale ambapo kinamo kinamalizika na mawe yanaanza. Kama unaweza, wakati wa kiangazi maji yakiwa machache, kaa pembeni uitazame kingo: upande wa juu utaona udongo wa kijivu unaonata, upande wa chini jiwe lililotoboka toboka lenye alama za kombe na matumbawe ndani yake. Mto umevuka mpaka huo, ukakosa tena sakafu ya kuubeba.

Baada ya hapo maji yanakwenda kwenye mifereji ya ndani ya mawe, yanaungana na maji mengine yaliyoingia kupitia mashimo na nyufa nyengine, na yote yanasogea pwani. Ghuba ya Chwaka haiingiwi na mto mkubwa juu ya ardhi, lakini mikoko iko kule, na maji baridi yanapenya kutoka chini. Ufukwe wa mashariki, wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji yakitoka kabisa, wanaokwenda kuchokoa chaza au kwenye mashamba ya mwani hukuta mahali ambapo vijito vyembamba vinachimbuka mchangani. Onja, utakuta chumvi yake ni kidogo kuliko ya maji yaliyobaki kwenye vidimbwi. Huo ndio mdomo wa mto, au tuseme midomo, kwa sababu ni mingi.

Kwa hivyo mjibu mwanao kwamba mwalimu hakukosea. Mto una chanzo na una mwisho, ila mwisho haulazimiki kuwa wa aina moja. Rufiji unafika baharini kwa delta yenye mikoko. Mito ya Bonde la Kati, huko bara, inaishia kwenye maziwa kama Eyasi, Manyara na Natron na haifiki bahari yoyote. Okavango unamwagika kwenye uwanda wa Botswana na kukauka huko. Huo wenu unafika baharini kwa kupitia chini. Vijito vya Pemba mwambie ndivyo vinavyofanana zaidi na picha ya kitabuni, kwani kule kuna vilima na mabonde mengi yenye kukatika, na maji yanateremka juu ya ardhi mpaka kwenye hori zenye mikoko, hasa upande wa magharibi.

Ila kuna jambo ambalo ramani ya skuli haitamwonesha. Kwenye ardhi ya mawe ya chokaa, mpaka wa bonde unaouona juu si lazima uwe ndio mpaka wa maji chini. Ulaya mto Danube unapita penye mawe ya namna hii kusini mwa Ujerumani, karibu na Immendingen, na sehemu ya maji yake inazama. Mwaka 1877 wataalamu walitia humo rangi ya fluoresini na chumvi nyingi sana. Baada ya siku mbili na nusu hivi rangi ikatokea kwenye chemchemi ya Aach, kiasi cha kilomita 12, na maji ya Aach yanakwenda kwenye mto Rhine. Maji ya mto mmoja yalikuwa yanahamia mto mwengine bila ya mtu kuyaona. Chukua na kasi yake: kilomita 12 kwa siku mbili na nusu. Kwenye mchanga wa kawaida maji huchukua miaka kwenda masafa kama hayo, na njiani yanachujwa. Ndani ya mifereji ya mawe hayachujwi kitu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye shimo lenu, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, wewe na wenzako. Shimo lile ni mdomo wa kisima cha watu msiowajua. Linalotiwa humo linaweza kufika kwenye ndoo ya mtu kijiji cha mbele likiwa vile vile lilivyoingia. Kifusi hubeba takataka, makopo ya dawa za mashamba, mafuta ya mashine, mizoga. Kwa hiyo kulizibia ni kosa la kwanza, na kosa la pili ni kwamba mto hautaacha kuja. Masika ijayo maji yatajaa mpaka yapate pa kupita, na pa kupita kwenyewe huenda pakawa barabarani au chini ya misingi ya nyumba. Wakati mwengine yanatoboa shimo jipya, na hakuna anayeweza kukwambia litakuwa wapi.

Baruti nayo naikataa. Mlipuko hauchagui. Unaweza kulegeza mawe ya juu yakaanguka na kuuziba mfereji moja kwa moja, au ukatikisa paa la pango ambalo hamjui limefika chini ya nyumba ya nani.

Kabla ya kuamua lolote ni lazima mjue shimo linashindwa kwa sababu gani, maana sababu ni mbili na dawa zake hazifanani. Huenda mdomo umezibwa na tope, mabua, magunia na chupa za plastiki. Au mdomo uko wazi, lakini chini kumeshajaa: mvua imekuwa nyingi, maji ya ardhini yamepanda mpaka yamefika usawa wa shimo, na mto hauna tena pa kuingia. Mnaweza kutofautisha wenyewe mkitazama kwa makini kutoka mbali. Ikiwa mvua kubwa moja tu inatosha kuleta mafuriko, maji yanazunguka pale juu ya shimo na takataka zinavutwa kuelekea mahali pamoja, na baada ya mtu kuondoa uchafu maji yanashuka haraka, basi tatizo ni kuziba. Ikiwa mafuriko yanakuja mwishoni mwa masika baada ya wiki nyingi za mvua, maji yametulia bila kuzunguka, visima vya jirani navyo vimejaa mpaka karibu na mdomo, na pengine shimoni kwenyewe kunatoka maji masafi yasiyofanana na tope la mto, basi ni ardhi iliyojaa. Wekeni mti wenye alama za rangi karibu na kalvati, na mtu mmoja aandike kila asubuhi maji yamefika wapi na jana ilinyesha au la. Daftari la masika moja litawasaidia kuliko ubishi wa barazani.

Tatizo likiwa ni kuziba, kazi ni yenu na haihitaji pesa nyingi. Safisheni mdomo wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kabla mvua hazijaanza. Msisafishe kwa kusukumia uchafu ndani, utoeni na uchukuliwe mbali. Juu ya shimo, hatua kadhaa kabla maji hayajafika, chimbeni dimbwi pana ili mto upunguze mwendo na tope litue hapo, mlitoe kila baada ya mvua kubwa. Mbele ya mdomo simamisheni uzio wa nguzo zilizoachana ili uzuie mabua na magunia. Uzio wa matundu madogo madogo utaziba wenyewe, basi acheni nafasi. Kingoni acheni matete na vichaka vikue, msilime mpaka ukingoni. Na nendeni mkakae na watu wa mashamba ya juu. Kusafisha shimo huku tope linaendelea kuteremka ni kazi isiyokwisha.

Likiwa ni ardhi iliyojaa, nitakuwa mkweli kwako: hakuna wa kulitoa hilo kwa jembe. Bonde hilo limekuwa likipokea maji hivyo tangu zamani, na kinachobadilika ni kiasi cha mvua na kiasi cha ardhi iliyojengwa. Watu wa Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu, huku huku Unguja, ambako mafuriko si mageni, wanajua nini maana ya maji kurudi mahali pake. Wakulima wanaweza kupanga mpunga wao kwa kufuata maji, sehemu za chini kabisa ziachwe au zipandwe mapema. Nyumba zilizo chini ndizo zinazonipa wasiwasi. Kuinua msingi kunasaidia kwa maji ya kifundoni, hakusaidii kwa maji ya magotini, na kuta za udongo zilizolowa muda mrefu huanguka usiku bila kutoa ishara. Ikiwa zimeshaingia maji zaidi ya mara moja, familia ianze kutafuta pa kuhamia kabla ya masika nyengine. Mfereji wa kuyatoa maji unawezekana pengine, lakini huo unahitaji kupimwa na wahandisi, kwani mkiyatoa kwenu mnayapeleka kwa mtu.

La vyoo nalitaja kwa haraka ingawa hukuuliza. Masafa ya mita 30 baina ya choo cha shimo na kisima ni kipimo cha ardhi ya udongo. Kwenye maweni hayatoshi kuwa dhamana, kwa sababu ya ule mwendo niliokueleza. Yeyote anayekunywa maji ya kisima au pango upande wa uwanda ayachemshe au ayatie dawa ya klorini, hata yakiwa maangavu, na zaidi baada ya mvua kubwa. Kipindupindu kimetupitia visiwani zaidi ya mara moja, hakuna haja ya kukifungulia njia.

Sasa kisima cha mama mkwe. Fundi anayesema tuchimbe zaidi huenda hana nia mbaya. Bara, mbali na bahari, ushauri huo mara nyingi ni sahihi. Kwenye kisiwa cha mawe yenye matundu ni kinyume chake. Chini ya uwanda wote kuna maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote. Maji ya mvua yanayofika kule chini hayachanganyiki nayo mara moja, yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi. Lita moja ya maji ya mvua ni kilo moja, lita moja ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotuweka hai. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waligundua hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Ukiisikia mara ya kwanza ni hesabu ya kufurahisha. Igeuze upande wa pili. Karibu na pwani maji matamu huenda yamesimama sentimita 30 tu juu ya bahari, maana yake tabaka zima lina kina cha mita 12 hivi, na kwenye mawe ya mapango huwa pungufu kwa sababu mawimbi ya maji kujaa na kupwa yanayachanganya. Jirani akiwasha mashine na kuyashusha maji kwa sentimita 10 tu, maji ya chumvi chini yake yana haki ya kupanda mita 4. Yanapanda kama kichuguu, ncha yake chini ya pampu. Kisima cha ndoo hakikuwahi kufanya hivyo, kwa sababu kina mama walichota kidogo kidogo na usiku kisima kilipumzika. Mkichimba zaidi mtaifuata chumvi kwao. Tena tundu refu likishatoboa mpaka chini linakuwa njia ya kuipandisha chumvi hata mkilitelekeza, mpaka lizibwe kitaalamu.

Kwanza pimeni. Kipimo kinachosoma umeme unaopita majini kinaonesha chumvi kwa dakika moja, na ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, wana wataalamu wa kazi hiyo. Muombe kisima kipimwe bamvua maji yakijaa na yakitoka, kisha siku ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, na kisima cha jirani kipimwe pia, mashine ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Chumvi ikipanda na kushuka pamoja na bahari, kisima kiko karibu mno na mpaka wa maji mawili. Ikipanda na mashine, mmepata ushahidi wa kuzungumza na jirani bila ugomvi.

Naye jirani mjue hana faida ya kuiharibu. Chumvi iliyofika kwenu njia yake ni kwake. Aipandishe pampu yake isikae chini kabisa, atumie mashine ndogo inayovuta polepole kwa saa nyingi badala ya kubwa inayovuta kwa mkupuo, na aweke tangi la kupokea. Visima vifupi kadhaa vinavyogawana kazi ni salama kuliko kirefu kimoja. Kisima kikipumzishwa, mvua huyaongeza tena maji matamu na kusukuma chumvi chini, lakini usitarajie wiki mbili. Inaweza kuchukua misimu ya mvua, na mahali pengine maji hayarudi kama yalivyokuwa.

Hizo pesa mlizochanga mimi ningezinunulia tangi na mifereji ya bati. Paa la mita 50 za mraba, mvua ikiwa milimita 1,500 na ukaacha moja ya tano ipotee, linakupa lita 60,000 kwa mwaka. Pwani ya mashariki mvua ni haba kuliko vilimani, punguza kidogo, bado ni maji mengi. Maji ya mwanzo ya mvua ya kwanza yamwagwe yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, tangi lifunikwe mbu wasiingie. Maji ya paa yawe ya kunywa na kupikia, ya kisima yenye chumvi kidogo yawe ya kufulia na kuoshea. Mama mkwe akiwa na presha, au nyumbani mna mjamzito au mtoto mchanga, msiendelee kunywa maji ya chumvi huku mkisubiri vipimo, na mkaulize kituo cha afya.

Kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa kusoma jibu langu. Habari ya mafuriko ianzie kwa sheha, awe na daftari lenu mkononi, kisha ifike kwa ZAWA na kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kuchimba kisima kipya au kuongeza kina cha zamani kunahitaji idhini, hivyo fundi anayetaka kuanza kabla ya karatasi mwambieni asubiri. Mkitaka kujua kwa yakini shimo lenu linatokea wapi, ipo njia ya kutia rangi isiyo na madhara na kuitafuta visimani na ufukweni, lakini iachieni taasisi yenye wataalamu, kwa taarifa kwa vijiji vyote vya mbele, kwani watu wakiona maji yamegeuka kijani bila ya kuambiwa watapata hofu ya haki kabisa.

Shimoni asiingie mtu, hata kiangazi, hata kwa kamba. Hewa ya ndani inaweza kuwa mbaya, na mvua inayonyesha vilimani ambayo ninyi hamkuiona inaweza kufika kwa ghafla. Watoto wazuiwe kucheza karibu siku za mvua. Na mkiona ardhi imebonyea mahali papya, ufa umetokea kwenye sakafu au ukuta wa nyumba iliyo karibu na shimo, mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama, au maji ya dimbwi yametoweka usiku mmoja bila sababu, watoeni watu ndani siku hiyo hiyo na mpigieni sheha simu kabla ya kurudi kuchukua vyombo.